Msitu Usio na Historia: Tunawafundisha Nini Watoto Wetu Kuhusu Misitu ya Mvua?

Kila mwaka, muhula wa kwanza unapoanza, huwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza zoezi dogo. Huwaomba waandike kwenye kipande cha karatasi jina la msitu mmoja wa mvua, na sababu moja ya kuulinda. Majibu hayabadiliki. Karibu wote huandika Amazon. Wachache huandika Kongo. Kuhusu sababu, huandika kwamba misitu huleta mvua na kusafisha hewa. Hakuna aliyekosea, na hapo ndipo penye tatizo.

Mwaka mmoja alikuwamo darasani binti aliyezaliwa na kukulia wilayani Muheza, kwenye miteremko ya milima ya Usambara Mashariki. Naye aliandika Amazon. Baada ya kipindi nilimuuliza kwa nini hakuutaja msitu ulio juu ya kijiji chao. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu: "Mwalimu, ule sisi tuliambiwa ni hifadhi. Tulifundishwa tusiingie. Sikujua kwamba ndio huo unaoitwa msitu wa mvua."

Jibu hilo limenisumbua kwa miaka kadhaa. Binti huyu alifaulu mitihani yote ya darasa la saba, kidato cha nne na cha sita. Alijua tabaka za msitu wa mvua wa Brazili kwa mpangilio, lakini msitu aliokuwa akiuona kila asubuhi akienda shule aliujua kwa jambo moja tu: kwamba ni mahali pa kukatazwa. Makala haya yanajaribu kueleza tulifikaje hapo. Hoja yangu ni kwamba somo la misitu katika shule zetu limenyang'anywa historia yake, na kwamba somo la uhifadhi lisilo na historia humfanya mtoto aamini kwamba adui wa msitu ni mama yake mwenye mzigo wa kuni kichwani.

Msitu wenyewe

Tuanze na mahali. Milima ya Tao la Mashariki huanzia vilima vya Taita nchini Kenya, hupitia Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru, na kuishia Udzungwa. Milima hii ni ya kale sana. Kwa kuwa unyevunyevu wa Bahari ya Hindi umeifikia kwa muda mrefu mno, misitu yake imehifadhi mimea na wanyama wasiopatikana kwingine kokote duniani. Huko Amani, katika Usambara Mashariki, mvua hufikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Mto Zigi unaoanzia huko hulijaza bwawa la Mabayani, na bwawa hilo ndilo linalolinywesha Jiji la Tanga. Mkazi wa Ngamiani anapofungua bomba, anafungua msitu.

Kuna jambo moja la kisayansi ambalo, kwa maoni yangu, kila mtoto wa Tanzania angepaswa kulijua kabla ya kumaliza shule ya msingi, kwa sababu bila hilo historia yote inayofuata haieleweki. Msitu wa mvua huonekana umeota juu ya ardhi yenye rutuba nyingi mno, lakini mara nyingi ukweli ni kinyume chake. Mvua kubwa ya karne nyingi huuosha udongo na kuuacha maskini na wenye tindikali. Rutuba iliyobaki imo ndani ya miti yenyewe na katika tabaka jembamba la majani yanayooza chini yake. Jani huanguka, huoza upesi kwa joto na unyevu, na mizizi iliyotandaa juujuu huinyonya rutuba yake kabla mvua haijaichukua. Kwa maneno mengine, msitu hujilisha wenyewe. Ukikata miti na kuichoma, umechoma ghala. Utavuna misimu michache, kisha utabaki na udongo mwekundu na mvua ileile inayoendelea kuosha.

Kabla ya bendera

Wakazi wa milima hii hawakuhitaji maabara kuelewa kwamba ardhi huweza kupona na huweza kuugua. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti wa miaka mingi miongoni mwa Washambaa, ameonyesha jinsi siasa yao yote ilivyozunguka dhana mbili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mtawala alipimwa kwa mvua na kwa njaa. Wafalme wa ukoo wa Mbegha waliokaa Vugha walipogombana, wakulima walisema nchi inaharibiwa. Mmoja alipowashinda wengine na amani ikarudi, walisema nchi imepona. Hali ya ardhi na hali ya utawala vilikuwa jambo moja.

Tusiipambe picha hii kupita kiasi. Washambaa walikuwa wakulima, na wakulima hukata miti. Sehemu kubwa ya mashamba ya Usambara ilikuwa msitu zamani. Lakini yapo mapori yaliyoachwa kwa ajili ya mizimu na matambiko, na zilikuwapo kanuni za nani alime wapi na lini. Kubwa zaidi ni kwamba mtoto alijifunza msitu kwa kutembea ndani yake akiwa na mtu mzima: jina la mti, ni dawa ya nini, mbao yake hufaa kwa mpini au kwa mzinga, na wapi hapaguswi. Hiyo ndiyo ilikuwa shule ya kwanza ya msitu, na mwalimu wake hakuwa na haja ya picha ya Amazon.

Derema na Amani

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilifyeka msitu mahali panapoitwa Derema, katika Usambara Mashariki, ikaanzisha shamba la kahawa. Ninaomba msomaji alikumbuke jina hilo, kwani tutalirudia. Wakoloni walipoutazama msitu ule mkubwa walifanya kosa ambalo nimelieleza hapo juu: walidhani ukubwa wa miti ni ushahidi wa rutuba ya udongo. Mashamba mengine yalifuata. Kwa miaka michache kahawa ilistawi. Kisha udongo ukachoka, magonjwa na wadudu wakaingia, na mashamba yakadidimia. Baadaye sehemu ya ardhi hiyo ilikuja kupandwa chai, ambayo huvumilia udongo wenye tindikali, na chai hiyo ipo hadi leo.

Sheria nayo ilikwenda sambamba na shoka. Mwaka 1895 serikali ya kikoloni ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola la Kijerumani. Nani alikuwa na hati ya kuthibitisha umiliki wa msitu wa mizimu? Hakuna. Kwa kalamu moja, misitu iliyokuwa na wenyewe kwa karne nyingi ikawa haina mwenyewe, na palepale ikapata mwenyewe mpya. Na kwa kuwa mashamba yalihitaji mikono, mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, ulianzishwa utaratibu wa kipande: kila mwanamume mzima alilazimika kumfanyia kazi mlowezi kwa siku 30 katika kila miezi minne.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo iliyokuja kusifika duniani. Waliotesha mimea kutoka kila pembe ya nchi za joto: mikwinini, mipira, miti ya mbao, viungo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Kijerumani yalipozingirwa, Amani ndiyo iliyowatengenezea kwinini. Ilikuwa taasisi ya elimu, bila shaka. Lakini elimu hiyo ilikuwa ya nani? Wanasayansi walitoka Ujerumani. Waafrika walipalilia, walibeba na walipanda miti kuchuma vielelezo. Wakati huohuo, mjini Tanga, serikali hiyohiyo ilikuwa na shule yake ya kwanza kwa Waafrika, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 ili kupata makarani, maakida na walimu wa kuiendeshea utawala. Watoto wa Tanga walifundishwa kuhesabu na kuandika barua za serikali. Maarifa ya msitu uliokuwa mwendo wa siku chache kutoka darasani kwao yaliandikwa kwa Kijerumani na kusafirishwa kwa meli.

Mfano mmoja mdogo unatosha. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyesimamia wilaya ya Tanga, alipeleka kwao ua dogo la zambarau alilolipata katika misitu hiyo. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland alilipa jina la kisayansi la Saintpaulia, kwa heshima ya familia ya ofisa huyo. Leo ua hilo, katika aina nyingi zilizozalishwa kutokana nalo, limo kwenye vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani. Nimewauliza wanafunzi wengi wa Kitanzania kama wanalijua. Ni wachache sana waliowahi kusikia habari zake, na hao walisoma jina la Mjerumani.

Matuta ya Waingereza

Waingereza walipochukua Tanganyika waliendeleza taasisi ya Amani hadi utafiti wa kilimo ulipohamishiwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1940. Baadaye majengo yakawa makao ya utafiti wa malaria. Waliendeleza pia misitu ya akiba ya Wajerumani na kuongeza mingine. Lakini kipindi chao kina funzo jingine, nalo lilitokea upande wa pili wa milima, Usambara Magharibi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wataalamu wa serikali waliingiwa na hofu kubwa ya mmomonyoko wa udongo. Hofu yenyewe haikuwa ya uongo. Mwaka 1946 ulianza mpango wa kuokoa ardhi ya Mlalo, na katika miaka ya 1950 ukapanuliwa kuwa mpango wa Usambara nzima. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko, kwa amri na kwa faini. Matuta yalikula nguvu kazi, hasa ya wanawake. Yalikula nafasi ya shamba. Na watu walihofu kwamba anayekuamuru namna ya kulima leo atakunyang'anya shamba kesho. Kwa lugha yao wenyewe walisema serikali haiiponyi nchi, inaiharibu. Upinzani ulikuwa mkali, TANU ikapata wafuasi humo, na kabla ya Uhuru mpango ukawa umekufa.

Funzo lake ni zito kwa kila ofisa wa mazingira anayesoma makala haya. Sayansi inaweza kuwa sahihi na bado ikashindwa, iwapo inamfikia mwananchi kama amri badala ya kumfikia kama maarifa. Kizazi kizima cha watu wa milimani kilijifunza kwamba neno "hifadhi" lina maana ya faini.

Misitu ni Mali

Uhuru ulileta matumaini ya shule ya namna nyingine. Katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba elimu tuliyoirithi ilimtenga mtoto na jamii yake, ikamfundisha kudharau maarifa ya wazee wasiosoma, na kumfanya aamini kwamba kila lenye thamani hupatikana vitabuni. Kama kuna somo ambalo lingeweza kufundishwa kwa falsafa hiyo, ni somo la msitu. Watoto walipanda miti, ndiyo, na bustani za shule zilikuwapo. Lakini tukiri kwamba katika shule nyingi kujitegemea kuligeuka kuwa jembe tu, na mara nyingine jembe la adhabu.

Mwaka 1980 taifa liliendesha kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Misitu ni Mali, ikifuata nyayo za Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Ninaiheshimu kampeni hiyo, kwa kuwa ililifikisha suala la misitu kwa mamilioni kwa Kiswahili fasaha. Hata hivyo, tulitafakari jina lenyewe. Chakula kiliitwa uhai. Misitu ikaitwa mali. Na mali ni kitu cha kutumiwa.

Ilitumiwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, katika misitu ya Amani na kandokando yake, kiwanda cha mbao cha umma cha Sikh Saw Mills kilivuna magogo makubwa kwa mashine, kwa msaada wa serikali ya Finland. Taifa lilihitaji mbao, lilihitaji ajira na fedha za kigeni. Uchumi ulikuwa umeanguka na waliofanya uamuzi huo hawakuwa wahaini. Lakini matrekta yalifungua njia kwenye miteremko mikali, na katika mapengo yaliyoachwa uliingia kwa kasi mti wa kigeni, Maesopsis, ambao watafiti wa kikoloni walikuwa wameuleta. Wanasayansi walipaza sauti, na katikati ya miaka ya 1980 uvunaji wa mashine Amani ulisimamishwa. Miaka michache baadaye Finland hiyohiyo ikawa mfadhili mkuu wa uhifadhi wa misitu hiyohiyo.

Sasa tujiulize: katika miaka ile, mtoto wa shule ya msingi kijijini alifundishwa kwamba nani anaharibu msitu? Alifundishwa kuhusu ukataji ovyo wa kuni, uchomaji mkaa na kilimo cha kuhamahama. Trekta lililopita mbele ya shule yake likiwa na gogo halikuwamo katika somo.

Hifadhi, na Derema tena

Mwaka 1997 ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye hekta 8,380. Ni jambo la kujivunia. Lilikuja na vitalu vya miche, njia za watalii, mgawo wa mapato kwa vijiji na safari za wanafunzi. Hata nje ya Usambara, elimu ya mazingira ilikuwa imeanza kuchangamka: klabu za Malihai zilianza mwaka 1980, na mwaka 1991 jijini Dar es Salaam Jane Goodall na wanafunzi 12 wa Kitanzania walianzisha kikundi cha Roots & Shoots, ambacho sasa kimeenea duniani.

Lakini milimani palikuwa na deni la historia. Kati ya misitu ya Amani na ile ya kaskazini yake ulikuwapo ukanda ambao wanyama na mbegu huutumia kupita. Ndani yake wanakijiji walikuwa wamelima iliki chini ya kivuli cha miti mikubwa. Iliki ni zao la fedha. Kwa kaya nyingi ndilo lililolipa ada na matibabu. Ni kweli pia kwamba iliki huua msitu polepole, kwa sababu mkulima hufyeka miche michanga chini, na miti mikubwa inapokufa haina warithi. Serikali na wafadhili wakaamua ukanda huo uwe hifadhi. Wakulima zaidi ya elfu moja walitakiwa kuyaacha mashamba yao, na suala la fidia lilichukua miaka kumalizika. Ukanda huo unaitwa Derema.

Naam, Derema ileile. Mahali ambapo msitu ulifyekwa kwa ajili ya kahawa ya mgeni, zaidi ya miaka mia moja baadaye mwenyeji aliombwa aondoe iliki yake kwa ajili ya msitu. Simaanishi kwamba uamuzi huo ulikuwa makosa. Yumkini msitu ule usingeweza kupona kwa njia nyingine. Ninachosema ni kwamba mtoto wa mkulima yule ana haki ya kujua mfuatano wote. Akiujua, ataweza kuelewa kwa nini babu yake anakunja uso anaposikia neno hifadhi, na bado akaelewa kwa nini mto Zigi unahitaji miti. Asipoujua, atachagua moja kati ya mawili: kumdharau babu yake, au kuuchukia msitu.

Basi tufundishe nini?

Kuna watakaosema kwamba ninawatetea waharibifu. La hasha. Mwaka 2003 dhahabu ilipoonekana eneo la Sakale, watu walimiminika na kuchimbua kingo za mito ya Usambara Mashariki. Hao hawakuwa walowezi wa Kijerumani. Moto wa mashamba unaopanda msituni huwashwa na sisi. Mkaa huchomwa na sisi, na hununuliwa na sisi tunaoishi mijini tukiandika makala. Historia haimwondolei mtu lawama. Humwonyesha kila mmoja sehemu yake kwa kipimo chake. Kwa mantiki hiyo, ninapendekeza mambo manne.

Kwanza, somo lianze nyumbani. Kila shule ya Tanzania ina mto, chemchemi au kisima, na kila maji yana chanzo. Mtoto wa Dar es Salaam anayekunywa maji ya Ruvu afuatilie mto huo hadi Uluguru. Wa Tanga afuatilie Zigi. Mwenzake wa Kenya ana Kakamega, na wa Uganda ana Mabira. Amazon ije baadaye, kwa kulinganisha, nayo ataielewa vizuri zaidi.

Pili, mtoto afundishwe jinsi msitu unavyofanya kazi, badala ya kukaririshwa faida zake. Orodha ya faida hukaririwa na kusahauliwa. Lakini mtoto aliyefukua majani msituni kwa mikono yake, akaona jinsi tabaka jeusi lilivyo jembamba na udongo mwekundu ulivyo karibu, hatasahau. Huyo hata akija kuwa waziri hatadanganywa na mwekezaji anayesema ardhi ya msitu ina rutuba isiyotumika.

Tatu, historia ya msitu ifundishwe kama historia. Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Hapo ndipo mahali pa sheria ya ardhi ya 1895, kipande, matuta, Misitu ni Mali, matrekta na Derema. Maadili ya kutunza mazingira hayawezi kutenganishwa na swali la nani aliyatumia, kwa faida ya nani, na nani alilipa. Wazee waalikwe darasani, wale waliochimba matuta wakiwa vijana na wale waliofanya kazi katika viwanda vya mbao. Wanazidi kupungua kila mwaka.

Nne, mtoto afundishwe haki pamoja na wajibu. Ibara ya 27 ya Katiba yetu inamtaka kila mtu alinde maliasili ya nchi, na hilo shule hulisema. Lakini Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inavipa vijiji uwezo wa kutenga na kusimamia misitu yao wenyewe kwenye ardhi ya kijiji, kujitungia sheria ndogo na kunufaika na mapato yake. Ni wahitimu wangapi wa kidato cha nne wanaolijua hilo? Marehemu Wangari Maathai alianza mwaka 1977 na miche ya miti mikononi mwa wanawake wa vijijini, lakini aligundua kwamba mche hauwezi kusimama pale ambapo raia hajui haki zake. Ndiyo maana harakati yake iliongeza semina za elimu ya uraia, na ndiyo maana mwaka 1999 alisimama kwenye lango la msitu wa Karura uliokuwa ukigawiwa wakubwa, akapigwa hadi akatoka damu. Msitu wa Karura upo hadi leo.

Zaidi ya hayo manne, liko jambo moja la aibu ambalo halihitaji mtaala mpya. Katika shule zetu nyingi, mtoto hufundishwa saa tatu asubuhi kwamba kukata miti ni kosa, na kabla ya kuondoka mchana hutangaziwa kwamba kesho kila mwanafunzi aje na kuni kwa ajili ya uji. Anazipata wapi? Serikali imekwisha kuziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na agizo hilo ni jema. Lakini agizo bila bajeti ya jiko na gesi ni tuta jingine la Usambara. Watumishi wenzangu wa umma mnaopitisha bajeti za halmashauri, hili liko mezani kwenu. Mtoto hujifunza zaidi kutokana na jiko la shule kuliko ubao wa shule.

Nimeanza na binti wa Muheza, na nitamaliza naye. Alipokuwa mwaka wa tatu aliandika tasnifu yake ndogo kuhusu bibi yake, ambaye alilima iliki hadi shamba lilipochukuliwa. Alirudi kijijini, akakaa naye jikoni jioni kadhaa, akaandika. Aliniambia kwamba bibi alimtajia majina ya miti zaidi ya arobaini kwa Kishambaa, kila mmoja na kazi yake, na kwamba alipomuuliza kwa nini hakuwahi kumfundisha hayo utotoni, bibi alimjibu kwamba alidhani shule imeshamfundisha.

Tangu hapo nimebadilisha zoezi langu la mwanzo wa muhula. Siwaulizi tena jina la msitu wa mvua. Nawaomba waandike maji ya nyumbani kwao yanatoka wapi, ni msitu gani uko juu ya chanzo hicho, na nani aliyewahi kuukata. Swali la kwanza wengi hulijibu. La pili, nusu yao. La tatu bado karatasi nyingi hurudi tupu, na hizo ndizo tunazoanza nazo kazi.